Mpango wa mwaka, masomo ya Misa au mstari wa siku: ushike njia ipi ya kusoma Biblia kila siku?

Anayefungua Mwanzo 1 tarehe 1 Januari na kusoma sura tatu kila siku atafika Kutoka 25 tarehe 25 Januari: vipimo vya sanduku la agano, meza ya mikate, kinara cha taa. Tarehe 31 anaingia Mambo ya Walawi, na hatatoka Hesabu hadi tarehe 20 Februari. Katikati ya siku hizo 27 ndipo mipango mingi ya Januari hufia. Aliyeacha hujilaumu kuwa ni mvivu, wakati mara nyingi kosa lake lilikuwa moja tu: alichagua njia ya kusoma huku akitaka kutafakari.

Hizo ni kazi mbili. Kusoma ni kupita kitabu kizima ili ujue nani alimzaa nani, nani alipelekwa Babeli na lini, barua ipi iliandikwa kwa akina nani. Kutafakari ni kukaa na maneno machache hadi yakuulize jambo. Ya kwanza inataka kasi, ya pili inaikataa kasi. Ukizisukumia zote mbili kwenye robo saa moja ya asubuhi, yatakupata yaliyompata fisi kwenye njia panda. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha mipango, jiulize mwaka huu unahitaji ipi zaidi.

| Njia | Kiasi kwa siku | Muda | Mwaka ukiisha umepata | Inapokwama |
|---|---|---|---|---|
| Mwanzo hadi Ufunuo | Sura 3, Jumapili 5 | Dakika 15–25 | Biblia nzima mara moja | Kutoka 25 hadi mwisho wa Hesabu |
| Ratiba ya M'Cheyne (imeelezwa chini) | Sura 4 za vitabu vinne | Dakika 20–30 | Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili | Ukikosa siku tatu mfululizo |
| Agano Jipya, siku tano kwa wiki | Sura 1 | Dakika 5–7 | Agano Jipya lote | Nukuu za Agano la Kale hazina mizizi |
| Masomo ya Misa | Somo, zaburi na Injili | Dakika 5–10 | Sehemu kubwa ya Injili, vipande vya Agano la Kale | Aya zinazorukwa |
| Mstari wa siku | Aya 1 au 2 | Dakika 2 | Aya za kukumbuka | Aya inaelea bila kitabu chake |

Kusoma moja kwa moja

Hesabu kwanza. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189: 929 za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya. Sura tatu kwa siku hazitoshi, maana utamaliza siku ya 397. Dawa yake ni sura tatu kwa siku sita na tano siku ya Jumapili. Hapo unapata 23 kwa wiki, yaani 1,196 kwa wiki 52, na unabakiwa na nafasi ya sura saba tu. Nafasi hiyo ni ndogo mno. Homa moja ya siku tatu inaimaliza yote. Tunaona sura nne kwa siku ni afadhali hata kama zinaonekana nyingi: utamaliza siku ya 298 na kubakiwa na siku 67 za kuugua, kusafiri, kufiwa na kuchoka. Mpango usio na siku za akiba umepangwa kwa mtu ambaye hayupo.

Usizione sura zote kuwa sawa. Zaburi 117 ina aya mbili. Zaburi 119 ina aya 176. Wastani ni kama aya 26 kwa sura, lakini wastani haumsaidii aliyefika Hesabu 7, ambako matoleo ya viongozi kumi na wawili yanarudiwa karibu neno kwa neno. Sura za namna hiyo zisome kwa macho tu, haraka, ukitafuta kilichobadilika. Mambo ya Walawi nayo husomeka vizuri zaidi kwa mafungu kuliko kwa sura. Sura 1–7 ni sadaka, 8–10 makuhani, 11–15 unajisi na utakaso, 16 Siku ya Upatanisho, 17–27 maisha matakatifu. Ukijua uko fungu gani, hupotei.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba mgawanyo wa sura si sehemu ya maandiko yenyewe. Ulifanywa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya ziliongezwa mwaka 1551. Mahali pengine kisu kilikata pabaya. Wimbo wa Mtumishi anayeteswa, ambao wengi huuita Isaya 53, huanzia Isaya 52:13. Ratiba yako ikikuambia uishie 52 leo na uanze 53 kesho, iasi.

Kuna na mpango wa kufuata mfuatano wa matukio, ambao huweka Zaburi 51 jirani na 2 Samweli 11–12 na kumpa Isaya nafasi yake katikati ya Wafalme. Ni mzuri kwa anayesoma mara ya pili. Kwa anayeanza unachosha, kwa sababu kila siku unarukaruka kurasa bila kujua kwa nini.

M'Cheyne: vitabu vinne kwa wakati mmoja

Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Scotland, aliwapangia waumini wake ratiba hii mwaka 1842, miezi michache kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 29. Siku ya kwanza unasoma Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo 1: mianzo minne kwa mpigo, yaani uumbaji, ukoo wa Yesu, kurudi kutoka uhamishoni na kuzaliwa kwa Kanisa. Safu mbili ni za familia na mbili ni za faragha. Jumla ni kama sura 1,599 kwa mwaka, ndiyo maana siku nyingine zaburi fupi huunganishwa.

Uzuri wake ni kwamba hukai jangwani. Siku Walawi ikiwa kavu, Injili au barua iko pembeni yake. Vilevile vitabu vinaanza kuitana vyenyewe, bila mhubiri wa kukuonyesha.

Ubaya wake ni deni. Kosa siku kumi na unadaiwa sura 40. Anayejaribu kuzilipa kwa Jumamosi moja husoma kama anayehesabu magunia, na Jumatatu haguswi tena na Biblia. M'Cheyne mwenyewe aliliona hilo: katika barua aliyoambatanisha na ratiba aliorodhesha hatari zake, zikiwemo kusoma kwa mazoea tu, kujiona mwenye haki kwa sababu umetimiza, kusoma ovyo, na nira kuwa nzito kuliko mabega. Kanuni ya kushika ni hii: ukikosa, rukia tarehe ya leo. Sura ulizokosa ziwekee nukta kwa penseli na uziache. Mwakani zitarudi tarehe ileile.

Ukiona nne ni nyingi, soma safu mbili mwaka huu na mbili mwaka ujao. Hakuna kinachopungua isipokuwa haraka.

Agano Jipya kwa siku tano

Sura 260 ni siku tano mara wiki 52, bila kubaki hata moja. Sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni za kufidia. Kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza mpango wowote, tungemwanzishia huu bila kusita. Usianze na Mathayo ikiwa orodha ya majina inakuvunja moyo; anza na Marko, sura 16, wiki tatu na siku moja.

Masomo ya Misa

Wakatoliki wana mpango uliokwisha kupangwa tangu mwaka 1969, na wengi hawautumii nje ya kanisa. Dominika zinazunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko pamoja na Yohana 6, C wa Luka, na Yohana husomwa sana Kwaresima na Pasaka. Siku za juma Injili ni ileile kila mwaka. Katika kipindi cha kawaida Marko husomwa juma la 1 hadi la 9, Mathayo la 10 hadi la 21, Luka la 22 hadi la 34. Somo la kwanza ndilo linalobadilika: Mwaka I kwa miaka witiri, Mwaka II kwa miaka shufwa.

Kujua uko mwaka gani ni hesabu ya sekunde kumi. Jumlisha tarakimu za mwaka kisha ugawanye kwa 3. Ikigawanyika bila baki ni C, baki 1 ni A, baki 2 ni B. Kwa 2026: 2+0+2+6 ni 10, baki 1, Mwaka A, na kwa kuwa ni shufwa, siku za juma ni Mwaka II. Kosa la kila Desemba ni kusahau kwamba mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio. Aliyeendelea na herufi ya zamani hadi tarehe 31 Desemba amekwisha soma masomo ya watu wengine kwa mwezi mzima.

Faida yake kubwa ni kwamba hukisomi peke yako. Unachosoma alfajiri Bukoba kinasomwa siku hiyohiyo Kisumu na Bujumbura, padre atakihubiri, na Jumuiya Ndogo Ndogo yako itakizungumza. Katika Dominika somo la kwanza huchaguliwa liitikie Injili, kwa hiyo swali la kutafakari liko tayari: haya mawili yanagusana wapi?

Udhaifu ni mikato. Tazama namba za aya kabla ya kusoma. Dominika ya 14 Mwaka C imeandikwa Luka 10:1–12, 17–20. Kilichoachwa katikati ni ole wa Korazini na Bethsaida, maneno makali ambayo bila hayo utume wa wale wanafunzi unaonekana mwepesi. Kwa hiyo usisomee kwenye karatasi ya masomo au ujumbe uliotumiwa kwenye simu. Fungua Biblia, soma na zile zilizorukwa. Angalia pia namba za zaburi: baadhi ya vitabu vya liturujia hufuata hesabu ya Kigiriki, hivyo Zaburi 126 ya Biblia yako yaweza kuitwa 125.

Siku nyingine utatafuta Tobiti, Hekima au Yoshua bin Sira usivione. Toleo la Union linalouzwa kwa wingi lina vitabu 66 tu. Nunua lenye Deuterokanoni, yaani vitabu hivyo vya ziada.

Walutheri na Waanglikana wana kalenda zao zenye mpangilio unaokaribiana na huu, na karibu yote tuliyosema hapa yanawahusu. Waadventista wana kitu tofauti: lesoni ya robo mwaka, majuma 13, mada moja kwa juma, kipande kimoja kwa kila siku, na fungu la kukariri. Hiyo ni njia ya mada, na mada humfundisha mtu vizuri, ila hukuonyesha aya kupitia swali la mwandishi wa lesoni. Anayeitumia afungue na sura nzima ya angalau fungu moja kila siku.

Mstari wa siku

Desturi hii ni ya zamani kuliko simu. Huko Herrnhut, Ujerumani, Wamoravian walianza mwaka 1728 kupeana neno la siku, na tangu 1731 likachapwa kwa mwaka mzima. Hadi leo aya ya Agano la Kale hupigiwa kura, kisha aya ya Agano Jipya huchaguliwa ili ziendane. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyohiyo. Kupigiwa kura kuna hekima yake: hakuna anayechagua aya zinazompendeza peke yake.

Mstari unaotumwa kwenye kundi la WhatsApp hauna kinga hiyo. Aliyeutuma aliuchagua, na kwa kawaida huchagua ahadi. Chukua Wafilipi 4:13, «Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu», aya ya vioo vya daladala na matatu. Ikisimama peke yake ni ya kushinda mtihani na kupata zabuni. Rudi aya moja nyuma: Paulo anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. «Mambo yote» anayoyaweza ni pamoja na kulala na njaa akiwa kifungoni.

Ukichagua njia hii, basi weka sharti moja: aya kumi kabla na kumi baada. Dakika mbili zinakuwa tano na mstari unapata nyumba. Kwa anayelea mtoto mchanga au anayeamka saa kumi usiku kwenda kazini, hiyo inatosha kabisa.

Baada ya kusoma: kimya au daftari?

Zaburi 1:2 inasema mtu mwenye heri sheria ya Bwana «huitafakari mchana na usiku». Neno la Kiebrania lililotafsiriwa hapo lina maana ya kunong'ona, kutoa sauti ya chini. Isaya 31:4 inalitumia kwa mngurumo wa simba juu ya windo lake. Kutafakari kwa kale kulikuwa na mdomo. Ndiyo maana ushauri wa kwanza, kwa njia yoyote, ni kusoma kwa sauti ndogo. Macho huruka, ulimi hauwezi.

Njia mbili hutumika zaidi. Ya kwanza ni ya watawa, iitwayo kwa Kilatini lectio divina. Guigo II, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliipanga kama ngazi yenye vipawa vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kukaa mbele za Mungu. Ya pili ni ya daftari: andiko, nilichoona, nitakachofanya, sala. Tuziweke zote juu ya kifungu kimoja, Marko 10:46–52, Bartimayo kipofu wa Yeriko.

Kwa njia ya watawa tenga dakika 20 na usizidishe aya kumi. Hapa ziko saba. Dakika moja ya kutulia. Soma mara mbili polepole, dakika nne. Usomaji wa pili ndio wenye kazi, na ndio watu huuruka. Simama neno linapokushika. Tuseme ni aya ya 50: «Akatupa vazi lake, akaruka, akamwendea Yesu.» Dakika saba ukae nalo. Kwa ombaomba vazi ni blanketi la usiku, na pengine ndilo alilotandika kupokelea sarafu. Analitupa akiwa bado haoni. Akikosea, hatalipata tena. Kisha sala ya dakika tano kwa maneno yako, dakika tatu za kimya.

Njia hii huharibika kwa sababu mbili. Kwanza, mtu anageuza tafakari kuwa mahubiri: anaanza kufikiria jinsi atakavyowaeleza wengine. Ukijikuta unatafuta pointi tatu, umetoka. Rudi kwenye neno. Pili, akili inatangatanga hadi kwenye bei ya unga. Usipigane nayo, soma tena aya ileile kwa sauti.

Kwa njia ya daftari, andika aya moja kwa mkono, si kunakili kifungu chote. Kisha «nilichoona», na hapa pana sheria: yaliyomo tu, bila maoni. Watu walimkemea anyamaze (48), Yesu akasimama (49), walewale wakamwambia jipe moyo (49), Yesu akauliza «Wataka nikufanyie nini?» (51), akapata kuona, akamfuata njiani (52). Sasa rudi nyuma katika sura hiyohiyo. Aya ya 36, Yakobo na Yohana wameomba wapewe lolote watakaloomba, na Yesu anawauliza swali lilelile. Wao wanataka kuketi kulia na kushoto katika utukufu. Kipofu anataka kuona. Na aya ya 22 yuko tajiri aliyeondoka kwa huzuni kwa sababu ya mali nyingi, dhidi ya ombaomba aliyetupa alichokuwa nacho.

Hapo unaona njia zinavyotofautiana hasa. Mwenye mstari wa siku hawezi kuliona swali hilo la pili. Mwenye masomo ya Misa analisikia, ila Dominika ya 29 na ya 30 za Mwaka B zimelitenganisha kwa siku saba, na siku za juma, katika juma la 8, kwa siku moja: Jumatano na Alhamisi. Aliyesoma sura nzima kwa mkao mmoja ndiye anayelikuta bila msaada. Lakini aliyesoma sura nne kwa haraka amelipita pia.

Safu ya «nitakachofanya» ndiyo huua madaftari mengi. «Niwe na imani zaidi» si jambo la kufanya; kesho hutajua kama umelifanya. Andika jina, siku na saa: «Kesho saa nne nitampigia simu yule niliyemnyamazisha kikaoni.» Siku ambayo kifungu hakikupi jambo la kufanya, acha safu wazi. Kulazimisha kila siku kuna mwisho wake: unaandika maneno yaleyale ya juzi.

Nusu ukurasa kwa siku ni kurasa 183 kwa mwaka. Kaunta buku la kwaya mbili lina kurasa 192. Usinunue kubwa zaidi, linatisha.

Kwa ufupi wa kuchagua: anayechoka haraka na maneno, na anayefanya kazi ya kuandika kutwa, ashike kimya. Anayesinzia akifumba macho ashike daftari. Kwenye jumuiya kuna njia ya tatu, hatua saba zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumwalika Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kimya, kushirikishana, kuangalia kazi ya kufanya, kusali. Inayovunjika kila mara ni ya tano, pale mmoja anapohubiri dakika kumi. Kiongozi aseme mapema: kila mtu aseme «mimi», asiseme «ninyi».

Toleo: Union au Habari Njema?

Union Version ya 1952 iliunganisha mapokeo ya tafsiri za Kiunguja na Kimvita, ndiyo asili ya jina lake. Ndiyo ambayo wengi wamekariri, na kwa kutafakari ina nguvu ambayo tafsiri nyepesi huipoteza. «Bwana ndiye mchungaji wangu» hailingani na «ni mchungaji wangu»: *ndiye* inafukuza wachungaji wengine. Ila ina maneno yaliyobadilika maana. Wagalatia 5:23 inamalizia tunda la Roho kwa «kiasi», na kijana wa leo anasikia kipimo cha sukari, wakati ni kujitawala. Habari Njema husema «kuwa na kiasi», na hapo linafunguka.

Kwa kusoma kwa kasi, hasa Manabii, Ayubu na barua za Paulo, tunapendekeza Habari Njema. Sentensi za Warumi zimekatwa mahali pa kupumulia. Kwa kutafakari na kukariri, Union. Kuwa nazo zote mbili si anasa: aya isiyoeleweka kwenye moja hufunguka kwenye nyingine mara nyingi kuliko kwenye kitabu cha ufafanuzi. Kumbuka tu kwamba pale Union inapoweka BWANA, Habari Njema huweka Mwenyezi-Mungu, ili usidhani ni majina ya wawili.

Kitabu au simu?

Programu kama YouVersion inakupa matoleo yote mawili, ratiba na kengele. Hifadhi toleo kwenye simu ukiwa na bando, kisha weka hali ya ndegeni kabla ya kufungua. Bila hivyo ujumbe wa kwanza utakuchukua kabla ya aya ya tano. Hesabu ya siku mfululizo ambazo programu hukuonyesha husaidia mwezi wa kwanza, baadaye huwa mtego: mtu anagusa sura saa tano na dakika hamsini usiku ili namba isivunjike. Ukianza kufanya hivyo, izime.

Sauti inafaa foleni na jikoni, kwa masimulizi na Zaburi. Haifai Warumi wala Waebrania, maana hoja ikikupita huwezi kurudi kwa jicho.

Kwenye kitabu tumia penseli. Karatasi ya Biblia ni nyembamba, kalamu ya kung'arisha hupenya na kuchafua ukurasa wa pili, na wino wa kalamu za bei nafuu huvuja wakati wa joto.

Ukiwa katikati ya mwaka mbaya

Kwa mgonjwa, mfiwa, au yeyote ambaye ratiba yoyote ni mzigo, iko njia isiyo na deni kabisa: Zaburi kwa tarehe. Chukua tarehe ya leo kisha ongeza 30 mara nne. Tarehe 7 ni Zaburi 7, 37, 67, 97 na 127. Chagua moja kati ya hizo tano, au zisome zote ukiwa na nguvu, na zote 150 zitaisha kwa mwezi. Tarehe 29 Zaburi 119 itakuangukia na aya zake 176; iache isubiri tarehe 31. Mithali nazo zina sura 31, sura kwa tarehe. Ukipotea wiki mbili, kalenda ya ukutani inakuambia pa kuanzia.